Mtoto Asiyegeuka Tukimwita



Mposho iliyopita, tulipokuwa tunakusanya feza ya likelemba, tuliona kwamba mwenzetu mmoja hayupo. Ilikuwa mara ya tatu. Feza yake alikuwa ameituma kwa mkono wa mtoto wa jirani, kamili, bila kupungua hata franka moja. Basi haikuwa shida ya feza. Wawili kati yetu tukapanda teksi-bisi, tukaenda kumuona kwake.

Tulikuta mlango wa lupango umefungwa kwa kufuli mchana kweupe. Alitufungulia, akatupa viti, akakaa kimya. Kisha akasema: "Ninyi wenyewe mnajua sababu gani siji."

Kweli tulijua. Siku ya mwisho alipokuja na kijana wake wa miaka minne, umeme ulikatika, tukawasha jenereta. Mtoto akaziba masikio kwa mikono, akalia sana, akajitupa chini, akapiga kichwa ukutani. Mama yake akamfunika kwa kitenge, akatoka naye. Hapo mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo: "Ule mutoto iko na kitu." Katika mji wetu hakuna anayehitaji kuelezwa maneno hayo. Sisi wengine tulinyamaza. Mama alisikia neno lile, na alisikia pia kunyamaza kwetu.

Tulimuomba msamaha. Tulimuomba pia ruhusa ya kuandika habari hii, naye amekubali, ila jina lake libaki kwake. Amesema: "Andikeni, sababu najua siko peke yangu."

Aliyoyaona mama

Mtoto huyu alizaliwa vizuri, akanyonya vizuri, akatembea mapema. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu alikuwa na maneno machache: mama, tata, maji. Kisha maneno yale yakapotea moja baada ya jingine. Ukimwita jina lake, hageuki. Lakini ukifungua karatasi ya biskuti katika chumba kingine, anakuja mbio. Watu wakasema: anasikia, ni kichwa nguvu tu.

Akitaka maji haonyeshi kwa kidole. Anamshika mama yake mkono na kumvuta mpaka kwenye bidoni, bila kumtazama usoni. Anapanga vizibo vya chupa kando ya ukuta, mstari mrefu ulionyooka; ukisogeza kizibo kimoja, analia kama amepigwa. Anakula bukari peke yake. Sombe ikigusa bukari, sahani nzima anaisukuma. Anatembea kwa ncha za vidole, na akifurahi anapepea mikono kama ndege anayetaka kuruka. Mvua ikipiga mabati kwa nguvu, anajificha chini ya kitanda.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wa upande wa baba walisema mama analea vibaya. Jirani alisema ni sababu ya luga nyingi: nyumbani Kiswahili, kwa nkambo Kibemba, kwenye materneli Kifaransa. Mwingine akasema ni chanjo. Mwingine tena akasema ni bulozi. Mama alimpeleka mahali pa maombi, mtoto akakaa siku tatu bila chakula. Alirudi amekonda, na hakuna kilichobadilika, ila sasa akiona mlango wa kanisa anatetemeka.

Mwishowe munganga mmoja alikaa chini pamoja na mtoto, akamtazama anavyocheza, akamuuliza mama maswali mengi, akampima masikio. Akasema neno ambalo mama hakuwahi kulisikia: otizimu. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaita usonji, na sisi tutatumia neno hilo.

Usonji ni nini

Usonji si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukizwa. Ni namna ambayo ubongo wa mtoto umekua tofauti, tangu angali tumboni. Unaonekana katika mambo mawili. La kwanza ni kuwasiliana na kuishi na watu: kuongea, kutazama, kuonyesha kwa kidole, kucheza na wenzake, kuelewa uso wa mtu aliyekasirika na uso wa anayecheka. La pili ni kupenda jambo lilelile kwa namna ileile, pamoja na kuhisi vitu kwa nguvu kuliko sisi, au kwa uchache kuliko sisi: sauti, mwanga, nguo inayokwaruza, harufu ya chakula. Jenereta ambayo kwetu ni kelele tu, kwake inaweza kuwa kama kupigwa ndani ya kichwa. Yule kijana hakuwa anatuchukia siku ile. Alikuwa anaumia.

Watoto wenye usonji hawafanani. Mmoja hatasema neno maisha yake yote na atahitaji kusaidiwa kuvaa na kuoga. Mwingine atasoma, atahesabu kuliko kaka zake, lakini hatajua namna ya kupata rafiki. Ndiyo maana waganga wanasema usonji una ngazi nyingi. Wavulana wanaotambuliwa ni wengi kuliko wasichana, lakini tuwe macho: msichana mwenye usonji mara nyingi tunamsifu kwamba ni mpole, mwenye haya, hasumbui, na miaka inapita.

Shirika la Afya la Ulimwengu liliwahi kukadiria kwamba katika watoto 100, karibu mmoja ana usonji. Hesabuni watoto wa avenue yenu, wa kanisa lenu, wa shule moja tu ya msingi. Wako wapi? Wengi wako nyuma ya mlango wenye kufuli.

Hapa kwetu Congo, waganga wa Kinshasa walichapisha mwaka 2016 utafiti juu ya watoto waliopelekwa kwenye kliniki za matatizo ya ukuaji wa ubongo. Waliotambuliwa kuwa na usonji, wastani wa umri wao ulikuwa umepita miaka 7, na wengi wao walikuwa na kifafa pia. Maana yake ni kwamba mama amebeba swali lake miaka mitano au sita, akizunguka huku na huku, kabla ya kupata jibu.

Si kosa la mama

Tusizani kwamba ni sisi tu Wakatanga tunaomlaumu mama. Mwaka 1943, munganga Leo Kanner huko Marekani aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii, na ndipo usonji ulipoanza kujulikana vizuri katika uganga. Lakini baadaye yeye na wenzake wakasema wazazi wa watoto hawa walikuwa baridi, wasio na mapendo ya kutosha. Mama wakapewa jina baya: mama friji. Kwa miaka mingi, huko kwenye lopitali kubwa na vitabu vingi, mama aliambiwa kwamba yeye ndiye aliyemharibu mtoto wake. Sisi tunasema bulozi, wao walisema friji. Maneno ni tofauti, lakini mzigo uliwekwa kichwani pa mtu yuleyule.

Ni nani aliyeutua mzigo huo? Waganga walisaidia. Mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha Uingereza utafiti juu ya mapacha, ukaonyesha kwamba usonji una mzizi katika urithi wa damu, si katika malezi. Lakini kabla ya hapo wazazi wenyewe walikuwa wamekwisha kukaa pamoja. Mwaka 1962, huko London, kikundi cha wazazi waliochoka kulaumiwa kilianzisha chama chao. Mmoja wao alikuwa Lorna Wing, munganga wa magonjwa ya akili, na mama wa msichana mwenye usonji. Ni yeye aliyefundisha ulimwengu kwamba usonji una ngazi nyingi. Walianza kama sisi tunavyoanza: wazazi wachache, chumba kimoja, na kusema ukweli bila haya.

Basi tuseme wazi. Usonji hauletwi na malezi mabaya. Hauletwi na luga mbili au tatu. Ongea na mtoto wako kwa luga inayotoka moyoni mwako. Hauletwi na chanjo. Uvumi wa chanjo ulipata nguvu mwaka 1998, munganga mmoja wa Uingereza alipoandika habari za watoto 12 tu katika gazeti la waganga. Mwaka 2010 gazeti lenyewe liliifuta habari ile, na tafiti kubwa zilizofanywa juu ya watoto wengi hazikuona kwamba chanjo inaleta usonji. Surua, yenyewe, inaua watoto hapa kwetu. Msimnyime mtoto chanjo.

Na hauletwi na bulozi. Mtoto asiyeongea hawezi kujitetea. Tukimpa jina la mulozi, tumempeleka barabarani kwa mikono yetu. Tumewaona mjini, wanaolala nje ya maduka. Sheria yetu imelikataza jambo hili. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa bulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini ya franka 200.000 hadi 1.000.000. Haisemi isipokuwa nkambo, wala haisemi isipokuwa mchungaji. Na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria nyingine inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Mama anayefukuzwa na ukoo sababu ya mtoto, ajue kwamba sheria iko upande wake.

Tuangalie mapema

Mama, mtazame mtoto wako bila woga. Akifikisha mwaka mmoja na hageuki ukimwita jina. Akifikisha mwaka na nusu na haonyeshi kitu kwa kidole. Akifikisha miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili. Au wakati wowote akipoteza maneno aliyokuwa nayo: usingoje. Alama moja peke yake haitoshi kusema ni usonji, lakini inatosha kumpeleka kwa munganga.

Kwanza omba masikio yapimwe, sababu mtoto kiziwi naye hageuki. Kisha uliza kwenye lopitali kwa waganga wa watoto, kama pale Jason Sendwe au kwenye kliniki za Chuo Kikuu. Kuna pia kituo cha Joseph Guislain cha mafurere wa Charité, kinachotunza magonjwa ya akili na kifafa. Wengine wanaogopa kuonekana kwenye mlango wa mahali kama hapo. Hofu ya macho ya watu isimnyime mtoto msaada.

Usiende mikono mitupu. Andika kwenye daftari: alitembea lini, alisema nini, alipoteza maneno lini, anaogopa nini, anapenda nini. Kama una simu, piga video ya dakika moja akicheza. Mbele ya munganga mtoto anaweza kuwa tofauti na nyumbani.

Kama anaanguka, anatetemeka, au anakaza macho gafula bila kusikia, sema, maana kifafa kina dawa. Dawa ya kifafa inanywewa kila siku, haiachwi kwa siku moja bila munganga kusema, hata kama mtoto ameombewa. Maombi na dawa havigombani.

Hakuna dawa inayofuta usonji. Anayekuuzia muti wa kuumaliza, au matone ya kutia machoni na masikioni, anakula feza yako na kumuumiza mtoto. Kinachosaidia ni kumfundisha, polepole, kila siku, na kuanza mapema.

Ya kufanya nyumbani

Mama wenye watoto kama hawa wametueleza yanayowasaidia. Tunayapitisha kwenu.

Ongea kwa maneno machache. Usiseme "njoo hapa haraka uoge nguo zako chafu tunaenda kwa nkambo". Sema "kuoga", na umwonyeshe ndoo. Kikombe maana yake kunywa, viatu maana yake kutoka. Kitu anachokiona kinamsaidia kuliko sauti inayopita.

Shuka chini, kaa anapocheza. Akipanga vizibo, nawe panga kimoja, kisha ngoja. Siku atakapokupa kizibo mkononi, amekwambia neno lake la kwanza. Akikuvuta mkono, usimpige; taja kile anachotaka, "maji", kisha mpe.

Siku zifanane kadiri inavyowezekana. Kama kuna badiliko, kama kilio au safari, mwonyeshe mapema. Akilemewa na kelele, usimzungushie watu wa kumshika; mtoe mahali pa kimya, mfunike kama anapenda, ngoja. Baada ya hapo usimpe azabu. Hakuwa anakosa heshima.

Angalia asipotee. Wengi wa watoto hawa wanaondoka bila kuogopa magari wala maji, na hawawezi kusema kwao ni wapi. Shona nambari ya simu ndani ya kola ya nguo, na wajulishe majirani na wauzaji wa kona. Ni afazali jirani ajue kuliko mtoto kufungiwa siku nzima. Na kamwe asifungwe kamba.

Tusisahau ndugu zake. Dada mkubwa anayebaki nyumbani kila siku kumtunza, naye ni mtoto. Elezeni jambo hili kwake kwa maneno mepesi, na mpeni saa yake ya kucheza na ya kusoma. Wala tusimsahau baba. Wako wanaokimbia nyumba, tunawajua. Wako pia wanaobaki lakini hawajui wafanye nini. Mpe kazi moja iwe yake, kama kumuogesha mtoto jioni. Mmoja ametuambia kwamba ni kwenye ndoo ya maji, jioni, ndipo mtoto wake alipomcheka usoni kwa mara ya kwanza.

Na sisi wa moziki

Mwenzetu alikuwa anauza samaki kavu soko la Kenya. Ameacha sasa mwaka mzima, sababu hakuna anayekubali kubaki na mtoto. Materneli walimrudisha baada ya siku nne. Hivi ndivyo usonji wa mtoto mmoja unavyoingia katika nyumba nzima: kwanza unaondoka usingizi, kisha biashara, kisha marafiki. Usingizi hatuwezi kumrudishia. Hayo mawili yaliyobaki yako mikononi mwetu.

Shirika la Afya la Ulimwengu limetengeneza mafundisho kwa wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: mikutano 9 ya kikundi na matembezi 3 nyumbani, na anayefundisha si lazima awe munganga. Yamekwisha kujaribiwa Kenya, tunasema nchi ya Kenya, si komini yetu. Tazameni vizuri: mikutano ya kikundi na kutembeleana nyumbani. Sisi wa moziki tunafanya hivyo kila mwezi kwa ajili ya likelemba, kilio na ndoa. Njia tunayo. Kilichokosekana ni kuongea juu ya jambo hili.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo manne. Wawili wetu tutakuwa kwa zamu nyumbani kwake mara mbili kwa mposho, saa mbili kila mara, kwanza akiwepo ili mtoto atuzoee, kisha yeye aende sokoni. Zamu yake ya likelemba tumeisogeza mbele, apate mtaji wa kuanza tena samaki. Kwenye mikutano, jenereta itakaa mbali nyuma ya nyumba, na kiti chake kitakuwa karibu na mlango, atoke na kurudi bila kuomba ruhusa. La nne ni gumu kuliko yote: mtu akisema mbele yetu kwamba mtoto fulani "iko na kitu", hatutanyamaza tena.

Aliyesema neno lile alikwenda mwenyewe kuomba msamaha. Waliyoambiana hatukuyauliza.

Mkutano ujao tumeomba uwe kwenye lupango lake. Alituuliza: "Mtakuja kweli?" Tulisema tutakuja. Hakusema ndiyo, alisema tutaona. Hatumlaumu, amekwisha kuahidiwa mengi.

Nanyi, wamama, mposho hii, katika kila moziki, kila kwaya, kila kikundi cha kanisa, hesabuni. Tazameni ni nani ameacha kuja, na tangu lini. Msingoje alete taarifa. Nendeni wawili, msiende kumi. Msiende na maelezo wala na unabii, nendeni na kilo ya unga na masikio ya kusikiliza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mama mmoja hawezi kubeba peke yake mtoto ambaye mji mzima unamkimbia.

Tukutane mposho ijayo.